Baiskeli iko na mtoza kodi, uwanja wa watoto hauna mwenyewe

Ninyi mnaotusikiliza redioni kila jioni hapa Kasongo, kule Wamaza, Kabambare na Salamabila; na ninyi jamaa mliokimbia vijiji vyenu na leo mnalala kwa watu: siku hii sileti habari. Nina neno limenikaa kooni tangu siku ya soko iliyopita.

Siku hiyo nilisimama mapema asubuhi kwenye barabara inayoingia mjini kutoka Kabambare. Wachuuzi walikuwa wanakuja mmoja mmoja, kila mtu na kinga yake. Anayefikiri baiskeli ni kitu cha kupanda, aje aone. Hapa kwetu mzigo ndio unaopanda. Magunia mawili ya mchele ubavuni, gunia la karanga juu, bidoni ya mawese mbele, mti umefungwa kwenye usukani ili mtu apate pa kushika, na mwenyewe anasukuma kwa miguu siku mbili, tatu, mlima na matope. Mmoja wao akasimama kupumua karibu nami. Ni mkimbizi kutoka upande wa Salamabila. Nyumba aliiacha, shamba aliliacha, mbuzi hajui nani aliwala. Kinga ilibaki kwa sababu ndiyo iliyobeba mtoto mdogo na godoro.

Nikamwuliza amelipa wapi njiani. Akatoa mfukoni karatasi nne. Ya kwanza ina mhuri. Ya pili ina sahihi tu. Ya tatu ni kipande cha daftari la mwanafunzi, kimeandikwa kwa biki. Ya nne ililowa mvua, haisomeki. Nikasema: na pale ulipolipa bila karatasi? Akanionyesha vidole vitatu. Nikamwuliza pesa hizo zinafanya kazi gani. Akacheka, akasema: «Mwandishi, uliza wewe. Mimi nina mzigo.»

Basi ninauliza.

Sitataja ofisi hata moja, maana kila moja itasema si yangu, ni ya jirani. Lakini kila mtu wa Kasongo anajua hesabu hii: mtu wa kukata tiketi ya baiskeli yupo, mtu wa plaki yupo, mtu wa jeto ya soko yupo, mtu wa barieri yupo, wakati mwingine wawili, mmoja na bunduki na mwingine na kamba. Sasa nitajieni mtu mmoja mwenye kazi ya kuangalia njia ya baiskeli. Nani anaziba shimo pale kwenye mteremko ambapo magunia yanaanguka kila masika? Nani anabadilisha magogo ya daraja yakioza? Ukienda barabara ya Kabambare utamjua: ni wanakijiji wenyewe, na wachuuzi wenyewe, kwa mapanga yao, bila mshahara. Wanaolipa kodi ndio hao hao wanaotengeneza njia. Mwenye tiketi amekaa kivulini.

Katika lugha yetu kuna neno la zamani, hongo. Siku hizi likitamkwa tunaelewa pesa ya kuficha mkononi, ile wengine huita matabishi. Lakini wazee wa misafara, waliokuwa wakienda na kurudi kati ya pwani na Tanganyika, walikuwa na maana nyingine. Hongo ilikuwa haki ya njia: unampa sultani wa nchi nguo au shanga, naye anakupitisha kwa amani katika nchi yake, watu wake wanakuuzia chakula, na palipo na mto unapata mtumbwi. Kasongo hii ilikuwa mji mkubwa wa misafara hiyo, wakati wa Tippu Tip, mpaka jeshi la Dhanis lilipouchukua mwezi wa nne mwaka 1893. Sisemi zamani zile zilikuwa nzuri. Mababu zetu walibeba pembe za ndovu kichwani, na wengi walifungwa minyororo. Ninasema jambo moja tu: hata sultani wa zamani alikuwa na kitu cha kumrudishia mpita njia. Barieri ya leo inakurudishia nini? Kamba inashushwa, basi.

Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, wakakuta 798. Maniema yetu haikuwa katika hesabu hiyo. Anayetaka kuhesabu za kwetu asisafiri na gari la shirika lenye bendera, maana kamba hushushwa kabla halijafika. Achukue kinga, apakie gunia.

Wakubwa watajibu kwamba Serikali inahitaji pesa na raia ana wajibu wa kulipa. Ni kweli. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 174, inasema kuchangia mzigo wa taifa ni wajibu wa kila mtu. Lakini kifungu hicho hicho kinaanza kwa kusema kwamba hakuna kodi inayoweza kuwekwa ila kwa sheria. Wengi husoma nusu ya pili tu. Na kifungu cha 30 kinampa mtu haki ya kutembea katika nchi hii. Orodha ya kodi za majimbo na za serikali za chini imewekwa kwa amri-sheria ya 13 Machi 2018. Kwa hiyo mtu akikusimamisha, muulize kwa adabu: baba, hii yako iko mstari gani? Kama iko, atoe risiti yenye mhuri na namba. Kama haiko, hiyo si kodi. Ninajua kuuliza hivyo mbele ya bunduki si rahisi, ndiyo maana ninauliza mimi hapa, kwa niaba ya mwenye mzigo.

Sasa niingie kwenye uwanja, maana mambo haya mawili ni ndugu wa tumbo moja.

Uwanja niliochezea mpira nikiwa mtoto bado upo, lakini umepungua kama sabuni. Kona moja ina kibanda cha vocha za simu. Upande wa pili mtu amerundika matofali. Nyuma ya goli, mwezi uliopita, niliona vigingi vimepigwa na kamba imevutwa. Nikauliza ofisi moja nani aliyepima. Wakanituma ofisi nyingine. Ile nyingine ikaniambia mwenye faili amesafiri. Ninyi mnaoishi katika nchi hii mnajua maana ya «mwenye faili amesafiri».

Na watoto? Tangu jamaa za wakimbizi zifike, mitaa yetu imejaa. Nyumba ya vyumba viwili inalaza familia tatu. Watoto wakitoka humo ndani hawana pa kwenda ila barabarani, na barabarani pikipiki zinapita mbio. Nimeona kijana wa miaka kama kumi, hajaingia shule kwa sababu hana karatasi, amekaa siku nzima juu ya jiwe akiangalia wenzake wa mji wakicheza. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwita pia. Mpira wa matambara ungetosha kuwajuanisha, lakini mpira unahitaji mahali pa kudundia. Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 cha mkataba huo kinataja mchezo na mapumziko kuwa ni haki. Hakisemi ni haki ya mtoto wa mahali pa amani tu.

Najua kuna msikilizaji anayesema: huyu mwandishi ana kichwa kweli? Watu wanakimbia Malaika na bunduki zao, yeye anaongea habari ya uwanja na baiskeli! Mzee wangu, nisamehe. Kijana asiye na uwanja wala kinga, nani anamwita kwanza? Anayemwita ana silaha ya kumpa. Tumezika vijana wa kutosha kulijua hili. Na baiskeli si mchezo. Mama akishikwa na uchungu usiku kijijini, analazwa juu ya baiskeli mpaka kwenye kituo cha afya. Maiti inarudi kwao kwa baiskeli. Chumvi, sabuni na kikwembe vinafika porini kwa baiskeli. Kule Kisangani, wakati wa vita petroli ilipokosekana, vijana walitia mto nyuma ya kiti, wakawabeba watu mjini, wakaitwa toleka. Baadaye wakajiunga katika vyama vyao na kusema kwa sauti moja. Goma wamemjengea sanamu msukuma chukudu. Sisi hatutaki sanamu. Tunataka shimo lizibwe.

Ninachodai ni hiki. Mji wa Kasongo uwe na komite ya viwanja, michezo na baiskeli, na Kabambare iwe na yake. Katiba, kifungu cha 3, inazipa miji, komini, sekta na sheferi uhuru wa kujiendesha na kusimamia mali yao, kwa hiyo hakuna sababu ya kungojea barua kutoka Kinshasa. Wengi wenu mna jamaa waliopelekwa Marekani kama wakimbizi. Waulizeni kwa simu. Miji mingi kule ina tume ya namna hii: raia wa kawaida, wengi bila mshahara, wanakaa mbele ya watu, mlango wazi, wanaulizwa kuhusu bustani na viwanja, na katika miji mingine kuhusu njia za baiskeli pia, kisha baraza la mji linaamua. Mji wa Davis, kule California, ulichora njia za baiskeli tangu mwaka 1967, na walioanza kusumbua wakubwa walikuwa raia wenyewe wapanda baiskeli.

Lakini ninatoa sharti moja, na hapa nitagombana hata na marafiki. Komite hiyo isiwe na mkoba. Tunajijua. Komite ya Kongo ikipata mhuri leo, kesho ina tiketi yake, keshokutwa ina barieri yake, na yule mchuuzi wangu atakuwa na karatasi ya tano. Kazi yake iwe kuangalia, kuuliza, na kubandika ukutani: pesa za baiskeli zilizoingia mwezi huu ni hizi, shimo lililozibwa ni hili, uwanja wa mji mipaka yake ni hii na haiuzwi. Ndani yake akae msukuma kinga, akae mama wa soko, akae mwalimu, akae mkimbizi aliyechaguliwa na wakimbizi wenzake, si yule anayeitwa kupiga picha wageni wakija.

Tusijisafishe sisi raia pia. Nani anafunga mbuzi kwenye goli? Nani anamwaga takataka kwenye kona ya uwanja usiku? Nani anasukuma kinga gizani bila taa na kumgonga mtoto? Na sisi wa redio: tiketi ilipoanza tulisoma tangazo lake mara tatu kwa siku, na hatukuuliza swali hata moja. Mimi mwenyewe nililisoma. Sauti ilikuwa yangu.

Kwa anayesema kelele za mtu mmoja hazizuii vigingi, nitamkumbusha Nairobi. Mwaka 1989 chama kilichotawala Kenya kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, pale watu maskini wanapopumzika Jumapili. Wangari Maathai alianza kuandika barua. Alitukanwa bungeni, alichekwa kwa kuwa ni mwanamke, lakini wenye pesa waliogopa kelele zile wakajitoa. Jengo halikujengwa. Bustani ipo mpaka leo, watoto wanakimbia humo.

Nimeandika barua pia. Ni moja, fupi, ina maswali mawili: pesa za tiketi za baiskeli za mwaka huu ziko wapi, na nani aliyepiga vigingi nyuma ya goli. Nilipoipeleka walinipigia mhuri wa kupokea kwenye nakala yangu, ninayo. Jumatatu nitarudi kuuliza jibu, na jioni mtasikia nilichoambiwa, hata kama ni kwamba mwenye faili bado yuko safarini. Wachuuzi mnaopita njia ya Kabambare, wekeni karatasi zenu zote, hata zile za daftari. Nileteeni nizihesabu.