NENO LA MWISHO: TUACHE KUULIZA, TUANZE KUJIANDAA

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu wanafunzi na wazee wetu, katika misiba yetu hapa Pemba kuna suali lisilokosekana: "Jee, alitamka shahada?" Muulizaji akiambiwa ndiyo, hufurahi. Akiambiwa hakuna aliyesikia, uso hubadilika, na wafiwa huongezewa huzuni juu ya huzuni. Kwa maoni yangu, suali hili tuliache.

Ni kweli neno la mwisho lina uzito. Katika hadithi ya Muadh bin Jabal (R.A.) iliyomo kwa Abu Daud, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba ambaye maneno yake ya mwisho ni La ilaha illa Llah ataingia Peponi. Lakini hiyo ni bishara kwa aliyelitamka, si hukumu juu ya ambaye hakusikika.

Tukumbuke meli ya MV Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, ikija kwetu Pemba. Mamia walifariki, na wengi maiti zao hazikuonekana. Nani alikuwepo kuwalakinia? Nani atatueleza walisema nini? Allah pekee ndiye aliyewasikia. Na Mtume (S.A.W.) amemtaja aliyekufa maji kuwa miongoni mwa mashahidi. Basi mama aliyepoteza watoto wake usiku ule asiulizwe jambo ambalo ujuzi wake uko kwa Allah.

Wajibu wetu ni huu. Kwanza, mgonjwa akifikia sakarati, mmoja wa wanaompenda akae karibu naye, alitamke neno hilo kwa upole ili alisikie. Asimwambie "Sema! Sema!" Akishalitamka mara moja aachwe, asirejeshewe mpaka azungumze jengine. Wanazuoni wamechukia kumkariria sana, kwani mtu aliye katika dhiki huenda akalichukia.

Pili, ulimi husema uliyoyazoea. Anayeshinda barazani akisengenya asidhani ulimi wake utageuka kwa saa moja. Dhikri tuianze sasa, tukiwa wazima.

Tatu, mengine yasingojee saa ile. Sayyidna Umar (R.A.) alipochomwa kisu mwaka 23 Hijria, alimwambia mwanawe Abdullah alihesabu deni lake na alilipe. Yeye alipata nafasi ya kusema. Abiria wa meli ile hawakuipata. Ndiyo maana tumefundishwa kuwa Muislamu mwenye cha kuusia asilale masiku mawili ila wasia wake umeandikwa. Deni la duka, mikarafuu ya mayatima, jirani uliyemkosea: hayo yamalizwe leo.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotutangulia, wa nchi kavu na wa baharini, na utujaalie mwisho mwema. Amin.