Kiswahili na Kadi ya Michoro ya Nje: Istilahi Hukomaa Kazini

Aghalabu hudaiwa, hata na baadhi ya wapenzi wa Kiswahili, kwamba lugha hii huzimudu tenzi na mahubiri lakini hukwama ifikapo kwenye maunzi ya tarakilishi. Dai hilo lina gharama. Mnunuzi asiyeelezwa kifaa kwa lugha anayoielewa barabara ndiye anayerudi nyumbani na kitu kisichomfaa. Makala haya yanalipima dai hilo kwa mfano mmoja mgumu: kuunganisha kadi ya michoro ya nje na tarakilishi ndogo ya mezani.

Kadi ya michoro hukokotoa picha zinazoonekana kwenye skrini. Wahariri wa video, wasanifu wa majengo na wacheza michezo huihitaji sana. Tarakilishi ndogo, kama vile Mac mini au zile za NUC ambazo Intel iliziachia ASUS mwaka 2023, hazina nafasi ya kadi kubwa, wala umeme wa kuitosheleza, wala hewa ya kuipoza. Kwa hiyo kadi hutiwa katika kasha la pembeni lenye feni na kigawa umeme chake, kisha kasha likaunganishwa na tarakilishi kwa kebo.

Mtego wa kwanza umo kwenye kitundu cha kebo hiyo. Vitundu vya USB-C vina umbo moja, lakini si vyote vyenye uwezo wa Thunderbolt au USB4 unaohitajika na kasha. Wahenga walinena: umdhaniaye ndiye kumbe siye. Mwanafunzi wa isimu halioni hili kuwa geni, kwani neno "kaa" nalo huwa mnyama wa pwani, kipande cha moto au kitenzi, na muktadha ndio huamua. Muktadha wa kitundu ni maelezo ya mtengenezaji, nayo hayana budi kusomwa kabla ya pesa kutolewa.

Mtego wa pili ni upana wa njia. Thunderbolt 3 hupitisha hadi gigabiti 40 kwa sekunde, na kadi hupewa njia nne tu za PCI Express. Kadi hiyohiyo ikichomekwa kwenye ubao mama wa tarakilishi kubwa yaweza kupata njia 16. Hivyo kadi ya bei ghali hupoteza sehemu ya nguvu zake njiani. Hasara huongezeka iwapo picha zitarudishwa kwenye tarakilishi kupitia kebo ileile. Ni heri skrini iunganishwe na kadi moja kwa moja.

Mtego wa tatu ni programu. Mac mini ya mwaka 2018, yenye kichakato cha Intel, iliweza kutumia baadhi ya kadi za AMD kwa njia hii. Zilizoanza kutolewa Novemba 2020, zenye vichakato vya Apple yenyewe, hazikuwekewa na kampuni hiyo uwezo huo, ingawa vitundu vyake vinafanana na vya awali.

Je, lugha imekwama wapi katika maelezo hayo? Kasha, njia, kitundu na kadi ni maneno ya kila siku yaliyopewa kazi mpya. Thunderbolt limebaki lilivyo kwa kuwa ni jina.

Wapo watakaosema kwamba istilahi sharti zisanifishwe kwanza, ndipo maandishi yafuate. Hoja yao ina uzito: mmoja akisema "kitundu", mwingine "mlango" na wa tatu "soketi", mnunuzi ndiye atakayepotea. Hata hivyo, mjadala wa "tarakilishi", "ngamizi" na "kompyuta" umedumu miaka na mikaka bila kumfundisha mtu yeyote kuunganisha kebo. Mradi wa Kilinux wa Dar es Salaam haukungoja mabishano yaishe. Mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Istilahi zilipata kazi, na kazi ndiyo izipimayo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo itabaki karatasini iwapo vyama vya wanafunzi vitaendelea kubuni maneno pasipo kuyatumia. Inafaa kila chama kimwoanishe mwanafunzi wa Kiswahili na mwenzake wa sayansi ya tarakilishi, waandike mwongozo wa kifaa kimoja kila muhula, na mwishoni waorodheshe istilahi walizotumia pamoja na maana zake. Mwongozo huo ukabidhiwe mtu asiyekijua kifaa. Akifaulu kukiunganisha, istilahi zimefuzu. Akishindwa, zirudishwe mezani.