Chupa ya Pumu: Kinachoingia Mdomoni mwa Mtoto



Mwezi huu tunazungumza juu ya pumu, na hasa juu ya kile chombo ambacho mtoto hutia mdomoni anapovuta dawa yake.

Tuwafikirie kwanza akina mama wenzetu wa kisiwa cha Juani, kule Mafia, yaliko magofu ya mji wa kale wa Kua. Magofu hayo hufikiwa kwa chombo maji yanapojaa. Yakitoka, hakuna budi kungoja. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, ng'ambo, katika kisiwa kikubwa. Mtoto akibanwa na kifua usiku, mama wa huko hawezi kusema, "Tutakwenda sasa hivi." Dawa na chombo chake lazima viwe tayari nyumbani. Na wengi wetu tulio bara, mbali na hospitali, tuko katika hali hiyohiyo.

Dawa ya kupuliza, ambayo wengi huiita inhela, hutoka kwa kasi kubwa. Mtoto asipovuta pumzi wakati uleule, sehemu kubwa ya dawa hugonga ulimi na koo, wala haifiki mapafuni. Ndiyo maana waganga huweka chombo chenye nafasi kati ya inhela na mdomo, kiitwacho spesa. Dawa hutulia humo, na mtoto huivuta polepole. Lakini spesa ya dukani ni ghali, na mahali pengi haipatikani.

Mwaka 1999 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Dk. Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini. Watoto wa miaka 5 hadi 13 waliobanwa na pumu walipewa dawa kwa vyombo vya aina nne: spesa ya dukani, chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri pale inhela inapoingia, chupa kama hiyo isiyozibwa, na kikombe cheupe chepesi cha povu la plastiki. Chupa iliyozibwa iliwasaidia watoto sawa na spesa ya dukani. Kikombe ndicho kilichosaidia kidogo kuliko vyote. Kwa hiyo, mama, si kila plastiki inafaa.

Kuchagua chupa

Tumia chupa ya maji ya kunywa au ya soda, ambayo chini yake ina alama ya pembetatu yenye namba 1. Usichukue kamwe chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa, dawa ya kuua wadudu, rangi au dawa ya kufulia, hata kama imeoshwa mara kumi na harufu imekwisha. Mtoto atavuta pumzi kutoka ndani yake. Chupa ya kioo nayo ni hatari, maana huvunjika mkononi mwa mtoto anayehangaika.

Kuitengeneza

Ni vema muuguzi akuonyeshe mara ya kwanza. Tundu hutobolewa kwenye kitako cha chupa kwa waya uliopashwa moto, likiwa na umbo la mdomo wa inhela, ili iingie kwa kubana. Mwombe baba watoto afanye kazi hiyo nje penye upepo, watoto wakiwa mbali, kwa sababu moshi wa plastiki ni mbaya kwa kifua. Ziba nafasi zilizobaki kwa plasta, upande wa nje tu. Ondoa ile pete ya plastiki iliyobaki shingoni mwa chupa, kisha pitisha kidole mdomoni mwake uone kama pana ncha ya kukata.

Kuitunza

Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uiache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa. Plastiki iliyosuguliwa hunasa dawa, kama vile kitana kilichosuguliwa kinavyovuta vipande vya karatasi. Usiichemshe, maana maji yachemkayo huikunja. Ikipata ufa, itupe utengeneze nyingine. Kila mtoto awe na yake, kwa sababu mate hubeba maradhi. Na inhela ifunikwe kifuniko chake wakati wote, kisije kikaingia kitu kidogo kikapulizwa kooni.

Kuitumia

Tikisa inhela, mtoto afunge midomo vizuri kuzunguka mdomo wa chupa, puliza mara moja, naye avute na kutoa pumzi polepole mara nne hadi sita. Ndipo upulize tena, kwa kadiri mliyoelekezwa na daktari. Mtoto mdogo asiyeweza kufunga midomo namna hiyo anahitaji spesa yenye kifuniko cha uso, uliza hospitalini.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, kujifukiza kulienea sana nchini mwetu. Lakini mvuke wa sufuria si tiba ya mtoto aliyebanwa na pumu, na maji ya moto yamewaunguza watoto wengi. Tusiwafunike mashuka juu ya sufuria.

Mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama anapovuta pumzi, midomo ikigeuka rangi, au dawa isipomsaidia, mpeleke hospitali mara moja huku mkiendelea kumpulizia kama mlivyoelekezwa. Wa kisiwani amtafute nahodha mapema, asingoje hali izidi.

Tunamwombea kila mtoto anayekoroma kifua usiku. Lakini yule mwanamke mwema wa Mithali 31 husifiwa pia kwa kuiandalia nyumba yake mapema. Basi, juma hili, chukua inhela iliyomo nyumbani, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na uikague chupa yake. Kisha mwonyeshe dada au bibi anayebaki na watoto mahali inapowekwa.