Smati ya Bibi, Smati ya Mjukuu

NENO KWA NENO, na Zuhura Mkamba

Juma lililopita mjukuu wa dada yangu alipiga simu kutoka Marekani, furaha imemjaa. "Bibi, mwalimu kasema mimi ni smart!" Dada akapiga kigelegele, kisha akauliza, "Nani kakupigia pasi?"

Kimya. Mtoto hakuelewa, na bibi hakuelewa mtoto kashindwa kuelewa nini.

Neno hilo sisi tulilipokea kwa Waingereza, na kwao, mara nyingi, mtu 'smart' ni aliyevaa akapendeza: suruali ina mstari, kiatu kinang'aa. Ndiyo hiyo smati yetu. Mmarekani huanza na kichwa kabla ya shati. Akikuita hivyo, kwa kawaida anasema una akili, unaelewa upesi.

Ila asili yake ndiyo tamu zaidi. Katika Kiingereza cha kale halikuhusu nguo wala akili, lilihusu maumivu: fimbo inapotua mgongoni, au kile chumvi inachokifanya kwenye kidonda, ambacho Waswahili tunakiita kuchonyota. Hadi leo Mwingereza akiingiwa na sabuni machoni hulitumia neno hilohilo, safari hii kama kitenzi. Kutoka kwenye kuuma likahamia kwenye wepesi, ulimi mkali, akili, mpaka likafika kwenye mavazi. Safari ndefu, lakini mimi hainishangazi. Tunacho kisu kikali, pilipili kali, mwalimu mkali, na kijana aliye mkali wa hesabu. Wala hatumkimbii kijana huyo.

Zilipokuja simu za kisasa, ambazo kwa Kiingereza ni 'smartphone', tungeweza kuziita simu erevu. Tukaziita simujanja. Wapo wanaolalamika kwamba ujanja ni wa sungura wa hadithini, yule anayekula shamba la watu kisha fisi ndiye apigwe. Mimi nasema aliyelichagua neno hilo alikuwa anaijua simu. Jana asubuhi nimejiunga bando, simu nikaiweka mezani nikaenda kupika. Adhuhuri narudi, bando limekwisha, na mimi sijagusa kitu. Werevu gani huo?

Haya yote nilimweleza dada, na maumivu ya Kiingereza cha kale nikayatia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza tena habari za ile pasi.