Kiti Kisichopingwa



Kila msimu wa kura unapokaribia, kuna hoja moja inayotembea kutoka Garsen hadi Ngao, ikavuka hadi Tarasaa na Golbanti, kisha ikaketi chini ya miembe nje ya makanisa baada ya ibada. Hoja yenyewe ni hii: mwacheni aliyeko. Mbunge mpya, wanasema, hutumia miaka mitano kujifunza njia za Nairobi, na anapozijua muhula umekwisha. Aliyedumu ndiye ajuaye milango. Tumeisikia kutoka kwa wazee tunaowaheshimu, na kwa sababu hiyo hatutaicheka. Tunataka kuipima kwa maisha ya watu wawili walioingia mabaraza ya kutunga sheria katika mwaka mmoja, mmoja Marekani na mwingine hapa kwetu.

Mwezi wa Oktoba 1955, mwalimu Daniel arap Moi aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, chini ya Mwingereza. Miezi miwili baadaye, Desemba 1955, wakili kijana wa miaka 29 aitwaye John Dingell alichaguliwa huko Michigan kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani, ajaze kiti kilichoachwa wazi na kifo cha baba yake. Moi alikaa miaka 47, akatoka 2002. Dingell alikaa miaka 59, akatoka mwanzoni mwa 2015; hakuna aliyewahi kudumu kuliko yeye katika Bunge la Marekani.

Tuanze na Mmarekani, kwa maana wanaotetea udumifu hupenda kututolea mifano ya ng'ambo. Ni kweli kwamba kudumu kulimpa Dingell nguvu. Kule mbunge hupanda katika kamati kwa kadiri ya miaka yake, na kuanzia 1981 hadi 1995 aliongoza Kamati ya Nishati na Biashara, kamati ambayo sheria nyingi haziwezi kuikwepa. Baba yake alikuwa amependekeza bima ya matibabu kwa wote. Mwana akaurudisha mswada huo kila Bunge jipya lilipoanza, miaka nenda miaka rudi, hata sheria kubwa ya afya ilipopitishwa 2010 naye yumo. Sheria ya 1973 ya kuwalinda viumbe walio hatarini kutoweka nayo ina mkono wake. Hatumpunguzii stahili yake.

Lakini tusimfanye mtakatifu. Jimbo lake lilikuwa jirani ya viwanda vya magari vya Detroit, na kwa miaka mingi alisimama mlangoni kuzuia masharti makali juu ya moshi wa magari. Novemba 2008 wenzake wa chama chake mwenyewe walimpigia kura wakampokonya uenyekiti, wakampa Henry Waxman wa California. Alipostaafu, kiti kilikwenda kwa mkewe. Nyumba moja imekuwa Bungeni tangu 1933: baba, mwana, kisha mke wa mwana. Hata Marekani, basi, kiti kinaweza kugeuka urithi. Na mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba majimbo hayawezi kujitungia ukomo wa mihula kwa wabunge wa Bunge la taifa, hivyo ugonjwa huo hauna dawa rahisi hata huko.

Tofauti iko wapi? Dingell alirudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka miwili. Mwaka 1964 alikabiliwa na mbunge mwenzake katika mchujo wa chama, na 2002, akiwa na miaka zaidi ya 70, akakabiliwa tena na mbunge mwingine, Lynn Rivers. Wenyeji wa Michigan walikuwa na panga mkononi hata mwaka ambao hawakulichomoa. Mtu huyo alilala akijua hilo.

Sasa turudi nyumbani. Haki tumpe Moi anapostahili: katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza Waafrika kupiga kura, alishinda kiti chake kwa jasho, akawa mmoja wa wale wanane walioingia, pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga na Ronald Ngala wetu wa Pwani. Mwaka 1960 yeye na Ngala walikuwa pamoja katika KADU, chama kilichoziahidi jamii ndogo kwamba hazitamezwa. Watu wa Tana walikuwa na kila sababu ya kuisikiliza ahadi hiyo. Novemba 1964 KADU ilijivunja ikaingia KANU. Mwaka 1967 Moi akawa Makamu wa Rais, na Agosti 1978 akawa Rais, akiendelea kuwa mbunge wa Baringo ya Kati.

Tangu hapo hakuna aliyemuuliza neno kura zikipigwa. Mwaka 1979 alipita bila kupingwa. Mwaka 1983 akapita bila kupingwa. Mwaka 1988 vivyo hivyo. Redio iliyatangaza maneno hayo kana kwamba ni sifa, na kwaya zikayaimba. Sisi tuliosomea sheria tunayasoma vingine. Mgombea asiyepingwa hakuchaguliwa, ameachiwa. Juni 1982 Bunge lilikuwa limepitisha kifungu cha 2A kikaifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, na hapakuwa na mbunge aliyesema la. Mwaka 1986 Bunge likaondoa ulinzi wa kazi wa Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mwaka 1988 likaondoa ulinzi wa majaji. Mwaka huo huo ulitumika mlolongo, wapiga kura wakisimama mstari nyuma ya picha ya mgombea, mbele ya macho ya chifu, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akihesabiwa ameshinda bila kura ya siri. Viongozi wa makanisa katika NCCK walikuwa wameupinga utaratibu huo tangu 1986, wakatukanwa kwa ajili hiyo. Waumini wetu wanaosema kanisa halina shughuli na uchaguzi wakumbuke kwamba wapo waliosema wakati kusema kulikuwa na gharama.

Na Desemba 1991, baada ya wafadhili kufunga mifuko huko Paris na wajumbe wa KANU kukutana Kasarani, Bunge la chama kimoja likakifuta kifungu hicho hicho cha 2A. Mikono iliinuka kufunga mlango, mikono ikainuka kuufungua, na mara zote mbili iliangalia kwanza uso wa mtu mmoja. Hilo ndilo Bunge ambamo mbunge wa Tana River aliambiwa adumu ili ajue milango. Milango ipi? Bawabu alikuwa mmoja.

Pwani nayo ilikuwa na mfano wake. Shariff Nassir alishika kiti cha Mombasa ya Kati, baadaye Mvita, kuanzia 1974 hadi 2002, miaka 28, akiwa mwenyekiti wa KANU Mombasa na mtetezi wa Rais asiyechoka. Neno lake lililobaki midomoni mwa watu ni “wapende wasipende”. Alikuwa mcheshi, na wengi walimpenda kweli. Lakini tazameni neno lenyewe lilivyo: ndani yake mpiga kura hana nafasi. Mwaka 2002 Najib Balala alimshinda, na watu wa Mvita wakapenda walivyopenda.

Tupime basi kwa kitu tunachokijua wote, yaani mto. Katika miaka ambayo Moi alikuwa mbunge, waziri, Makamu na Rais, Tana ulizibwa mara tano huko juu: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mamlaka ya kuuendeleza mto, TARDA, iliundwa 1974. Umeme ulikwenda mijini. Huku chini mafuriko ya msimu, yaliyokuwa yakirutubisha mashamba ya Wapokomo kingoni na kuotesha malisho ya kiangazi ya Waorma na Wawardei, yalibadilika. Sasa maji hutukosa tunapoyahitaji, na hutujia kwa ghadhabu tusipoyataka, kama 1997 na 1998, kama 2018, kama mwishoni mwa 2023. Mradi wa kilimo cha umwagiliaji wa Bura uliogharimu fedha nyingi za mkopo wa Benki ya Dunia ulianguka kabla ya miaka ya themanini kwisha vizuri. Ni nani Bungeni aliyesimama akadai hesabu ya mto wetu, na akajibiwa? Wimbo wa Taifa unaowasimamisha wabunge wote ulitokana na wimbo ambao mama wa Kipokomo alimbembelezea mtoto. Huo ndio mchango wa Tana uliopokewa Nairobi bila ubishi.

Moi aliondokaje? Wapiga kura wa Baringo ya Kati hawakumtoa. Alitolewa na sheria: marekebisho ya Katiba ya 1992 yaliyosema Rais asizidi mihula miwili ya miaka mitano. Hilo lilikuwa tunda la vyama vingi, na watu waliteswa kwa ajili yake. Kiti chake cha ubunge kikaenda kwa mwanawe Gideon mwaka huo huo wa 2002, bila kupingwa. Tunaosoma Maandiko tunajua habari za Samweli, aliyewatumikia watu tangu ujana hadi mvi. Wanawe waliowekwa kuwa waamuzi walipenda rushwa, na wazee wa Israeli wakamwambia hivyo usoni. Watu wa Baringo nao, walipopata mshindani wa kweli mwaka 2007, walimchagua mwingine.

Katiba ya 2010 iliendeleza ukomo kwa Rais na ikawawekea magavana mihula miwili pia. Wabunge, maseneta na wawakilishi wa wadi hawakuguswa. Badala ya ukomo tulipewa Ibara ya 104, haki ya wapiga kura kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha, na Bunge likaachiwa kutunga sheria yake. Mnakisia lilivyofanya. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ilidai kwanza Mahakama Kuu imkute mbunge na hatia. Ikadai sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura wa jimbo. Ikamkataza aliyeshindwa uchaguzini kuanzisha ombi. Ikafunga miaka miwili ya kwanza na mwaka wa mwisho. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu kadhaa vya mlango huo wa sindano kuwa kinyume cha Katiba. Bunge halikuharakisha kuziba pengo, na mwaka 2025 Tume ya Uchaguzi ilieleza kwamba hakuna sheria ya kutosha ya kuendeshea maombi hayo. Kwa hiyo haki imo kwenye Katiba na njia ya kuifikia haimo. Hatujaona mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo.

Wakati huo huo mbunge aliyeko amekuwa na mfuko wa maendeleo ya jimbo tangu 2003, ambao mshindani wake hana. Karo ya mtoto inatoka, darasa linapakwa rangi, na jina linaandikwa ukutani kana kwamba fedha zilitoka mfukoni mwake. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2022 kwamba sheria ya 2013 ya mfuko huo ilikiuka Katiba, na bado wabunge wameupigania kuliko walivyowahi kuupigania mto. Mwaka 2024 seneta mmoja alithubutu kuleta mswada wa kuongeza muhula kutoka miaka mitano hadi saba. Wananchi waliukataa kwa kishindo, makanisa yakiwemo.

Kuna jambo zito zaidi, na tunaliandika kwa uangalifu. Mwaka 2012, kuanzia Riketa mwezi wa Agosti hadi Kipao mwezi wa Desemba, watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hii, watoto na kina mama wakiwemo. Chanzo hakikuwa kimoja: ardhi, maji, malisho, malka za kupitishia mifugo hadi mtoni. Lakini uchaguzi wa 2013 ulikuwa mlangoni, viti vipya vya kaunti vikigombewa, na kila jamii ikiogopa kwamba atakayekalia kiti hatatoka tena. Mkulima anayeamini kwamba kiti kikienda kwa mfugaji kimekwenda milele, na mfugaji anayeamini hivyo juu ya mkulima, hawana subira ya kungoja kura nyingine. Wanaotuambia mwacheni aliyeko wafikirie hilo. Garsen yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba inaweza: Danson Mungatana alikaa mihula miwili, 2002 hadi 2013, kiti kikaenda kwa mwingine, na naye mwaka 2022 akarudi kwa wapiga kura kuomba useneta kama mtu yeyote.

Tunadai nini? Mihula miwili kwa mbunge, kama ilivyo kwa gavana, na sheria ya kumwondoa inayotumika. Bunge halitajifunga lenyewe kwa hiari, na Katiba inaruhusu wapiga kura milioni moja kuanzisha marekebisho kwa sahihi zao. Kazi hiyo ni ndefu. Iliyo karibu ni uchaguzi wa 2027. Kila anayeomba kiti cha Garsen, Galole au Bura, awe mpya au mzee wa kiti, aitwe mbele ya watu wa jamii zote, kanisani na nje ya msikiti, aulizwe alichosema Bungeni juu ya mabwawa, juu ya malka, juu ya waliopoteza watu wao 2012. Samweli alipozeeka alisimama Gilgali akawaambia watu wamshuhudie kama aliwahi kumnyang'anya mtu ng'ombe au punda wake. Huku kwetu swali la ng'ombe halihitaji kufafanuliwa. Aulizwe hilo pia, na majibu yaandikwe kwa jina na tarehe.

Wanaotaka kusimamia mikutano hiyo katika vijiji vyao wawaone wazee wa makanisa ya Ngao na Garsen kabla ya mvua, barabara ingali inapitika.