Shilatembo panahitaji mtu wa kulala pale

Huko Marekani kuna wazee ambao, wakishapata pensheni, wanafunga nyumba zao na kuhamia ndani ya gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo. Wanaliendesha hadi kwenye mbuga ya taifa, ngome ya zamani au uwanja wa vita, wanaliegesha, na kwa miezi michache wanakuwa wenyeji wa pale. Asubuhi wanafungua mlango, wanaeleza wageni nani alipigana na nani, jioni wanaokota takataka. Mshahara hakuna. Sheria ya mwaka 1970 iliruhusu idara ya mbuga za taifa kupokea watu wa namna hiyo.

Mkaaji wa Lubumbashi akisikia hayo anaweza kucheka. Hapa kazi ya bure haikungoja sheria. Kuna walimu wanaofundisha miaka mingi bila jina lao kuonekana kwenye listi ya malipo ya serikali. Wazee wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu: eti kujitolea, lakini ukikosa unatafutwa. Na neno lenyewe la Kifaransa, volontaire, lina kidonda katika mji huu. Tangu mwaka 2003 Gécamines iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa départs volontaires. Wengi wao wanasema mpaka leo kwamba hawakujitolea kuondoka, na kwamba pesa waliyopewa haikulingana na miaka waliyotumika.

Kwa hiyo tusidanganyane. Mzee wa Marekani hafanyi kazi bure kabisa. Mbuga inampa pa kuegesha gari, maji na umeme, bila kumlipisha, naye anatoa saa zilizokubaliwa kila juma. Nyuma yake kuna pensheni inayoingia kila mwezi. Anaweza kujitolea kwa sababu chakula cha kesho tayari anacho. Sehemu hiyo ya mapatano ndiyo inayosahaulika kila mara vijana wetu wanapohubiriwa kulitumikia taifa kwa moyo.

Chukua Shilatembo. Hapo, usiku wa tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi. Mwezi wa sita mwaka 2022 jeneza lenye jino la Lumumba, lililorudishwa na Ubelgiji, lilipitishwa pale kabla ya kuzikwa Kinshasa. Siku kama hizo magari hayakosekani, wala hotuba. Swali ni Jumanne ya kawaida, mvua ya mwezi wa pili inanyesha, na darasa moja la shule limefika kutoka Likasi. Nani anawapokea? Mwanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Lubumbashi anaweza kwenda mara moja kwa pesa yake ya mfukoni. Mwezi wa pili transpoti inamshinda, na hakuna wa kumlaumu.

Anayefaa zaidi ni mtu wa kukaa pale, na watu hao wako Kenya, Katuba na kwenye kambi za zamani za wafanyakazi. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka ule wa 1961 sasa anagonga 80. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000, ulionyesha kwamba wazee hawa wanaongea vizuri kuliko vitabu vingi, wakipewa nafasi. Kila mwaka wanapungua.

Mapatano yao yangeweza kuwa haya: vyumba viwili, au hata behewa la zamani la reli lililotengenezwa vizuri (mji huu ulipokea gari-moshi lake la kwanza mwaka 1910, si jambo geni), kisima, taa za jua, na posho ya kila mwezi kama ile Union Minière ilivyojua kuitoa. Mzee na mwanafunzi wakae pamoja miezi mitatu, kwa mkataba ulioandikwa, kisha wengine waje. Mlinzi wa serikali abaki na mshahara wake. Anayejitolea asichukue mahali pa anayelipwa, maana hiyo ndiyo hila inayoogopwa, na kwa haki.

Watasema pesa hakuna. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya redevance ya madini, na Haut-Katanga si jimbo maskini wa shaba. Wabunge wa jimbo wakikaa kujadili bajeti, wanaweza kuuliza mstari mmoja tu: Shilatembo, vitanda viwili, kisima, unga ya bukari ya mwaka mzima. Mstari huo ukikosekana, wale watoto wa Likasi wasome kibao na kurudi kwao.