Mkopo wa simu wafaa mzigo wa wiki, si kupanua biashara

Mfanyabiashara anayenunua maharage Arusha na kuyauza Namanga, upande wa Kenya, halazimiki tena kupanga foleni benki. Akibonyeza simu, fedha huingia kwa dakika chache bila hati ya nyumba wala mdhamini. Tangu M-Shwari ianze Kenya mwaka 2012, mikopo ya aina hii imewafikia wengi ambao benki hazikuwa na habari nao.

Swali ni kama inakuza biashara au inaizungusha tu.

M-Shwari ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa kiwango hicho, anayekopa Sh10,000 za Kenya hurudisha Sh10,750. Mzigo ukiuzwa ndani ya wiki na fedha kuzunguka mara tatu au nne kwa mwezi, faida hulipa ada na kubakiza kitu. Lakini mzigo ukikwama mpakani kwa kukosa kibali, au mteja akichukua kwa mali kauli, siku hazisubiri. Mkopo ukiongezewa muda kila mwezi kwa ada ileile, baada ya mwaka ada pekee hufika Sh9,000, karibu sawa na mtaji wenyewe. Hapo ndipo mtu hukopa huku ili alipe kule.

Serikali zimeanza kudhibiti. Kenya iliipa Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2021, na kanuni za mwaka 2022 zikapiga marufuku vitisho na kuwapigia simu jamaa wa mdaiwa. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Hata hivyo, kila sheria huishia mpakani. Aliyelipa vizuri Kenya kwa miaka mitano, akivuka kukopa Tanzania huhesabiwa mgeni. Jumuiya ya Afrika Mashariki imerahisisha cheti cha uasili kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000. Uaminifu wa mkopaji bado haujapata cheti chake.

Mpaka hapo utakapopatikana, mkopo wa simu ubaki wa mzigo ambao mnunuzi wake anajulikana. Ghala, friji au duka la pili vinahitaji mkopo wa miezi mingi, na mlango wake bado ni chama, SACCOS au benki.